Gari linachemka? Weka spana chini kwanza

Najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wale waliozoea kuja kusoma mambo ya programu na simu huenda wakashangaa leo kukuta habari za rejeta. Vumilieni kidogo. Mambo ni yale yale, ila safari hii mashine yenyewe ina magurudumu manne na inakunywa dizeli.

Gari langu ni la 1998. Ni lile aina la kupanda milima, refu, lenye fremu chini kama lori, injini ya dizeli ya silinda nne na turbo. Liliingia Kenya mwaka wa 2005, likiwa bado ndani ya kile kikomo cha miaka minane cha magari yaliyotumika, nami nikalinunua baadaye kwa mtu wa tatu. Sitaitaja kampuni iliyoliunda kwa sababu kosa ninalolisimulia hapa si lake. Gari lilitoka kiwandani likiwa zima. Kosa ni letu, na hilo ndilo nataka kulizungumzia.

Jumapili moja jioni tulikuwa tunatoka Nakuru. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, mke wangu na watoto wawili nyuma. Tulipoanza kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, nyuma ya msururu wa malori, mshale wa joto ulikuwa katikati kama kawaida. Chini ya dakika mbili baadaye ulikuwa karibu na alama nyekundu. Kwa wale wasioijua barabara ile, upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde, na mahali pa kuegesha ni pa kutafuta. Nilizima AC, nikafungua hita hadi mwisho ili joto litoke ndani ya injini, nikakokota gari hadi sehemu yenye nafasi. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Vijana wawili wakatokea na jerikeni la maji, na mmoja akanyoosha mkono wenye kitambaa kuelekea kifuniko cha rejeta. Nilipiga kelele kama mwendawazimu.

Mama mkwe akanitazama. "Mwanangu, si ulisema hii gari imetengenezwa?"

Nilikuwa nimesema. Mara tatu.

Hizi hapa ndizo mara tatu zenyewe. Mwanzoni gari lilikuwa linapata joto kwenye foleni ya Waiyaki Way. Fundi wa kwanza alichukua nusu saa, akanitoza shilingi 1,000, akasema limepona. Kwa kweli lilipona kidogo, ila sasa likaanza kupata joto kwenye milima. Fundi wa pili akasema rejeta imeziba, akaitoa na kuiosha, shilingi 4,500. Hakuna kilichobadilika. Wa tatu akasema ni pampu ya maji, akaweka mpya, shilingi 13,000 pamoja na kazi. Hakuna kilichobadilika. Baada ya kisa cha Mai Mahiu nikampigia wa nne. Akasikiliza kwenye simu, akasema bila hata kuliona gari: "Hiyo ni silinda hedi, mkubwa. Andaa kama 120,000."

Hapo ndipo nilipokasirika, na sikukasirika kwa sababu ya pesa peke yake. Watu wanne walikuwa wametoa hukumu, na hakuna hata mmoja aliyepima kitu chochote. Kipimajoto hakikuwepo, wala pampu ya presha, wala hata swali moja la maana: linachemka lini?

Kabla sijawatupia mafundi mawe, niseme ukweli kuhusu kazi yangu mwenyewe. Sisi waandishi wa programu hatuna haki ya kuwacheka. Seva ikienda polepole, kitu cha kwanza tunachofanya ni kuizima na kuiwasha. Ikikataa, tunaongeza memori. Ikikataa tena, tunabadilisha maktaba fulani kwa sababu mtu aliandika mahali kwamba kwake ilisaidia. Tofauti ni kwamba sisi tuna logi. Tukichoka kubahatisha tunaweza kusoma kilichotokea. Gari la 1998 halina logi. Langu lina kompyuta ya injini, ndiyo, lakini halina ile soketi ya kawaida ambayo ungechomeka kifaa cha bei rahisi na kusoma joto kwenye simu.

Lenye habari ni mshale wa dashibodi peke yake, na huo mshale unadanganya. Magari mengi yameundwa makusudi hivyo: mshale unakaa katikati hata joto likicheza ndani ya nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike bure na kurudi gereji kila wiki. Anayebuni skrini za programu anaijua tabia hii. Mtumiaji anafichiwa namba ili awe na amani. Tatizo ni kwamba mshale ukianza kusogea, umechelewa. Injini yangu ina kichwa cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na kichwa cha namna hiyo kikizidishiwa joto hupinda au kupasuka. Kwa gari la umri huu, kichwa kikipasuka kuna wengi wanaoamua kuliuza kama spea.

Basi nikaamua kulipa gari logi. Nilichukua kihisi cha DS18B20, kile kidogo kinachoweza kusoma hadi nyuzi 125, nikakifunga kwa waya na kukivika sponji juu ya bomba la chuma ambamo maji moto yanatoka kwenye injini. Nikakiunganisha na Arduino na kadi ya memori, kiandike joto kila baada ya sekunde mbili. Kwa kuwa kiko nje ya bomba, kinasoma nyuzi chache chini ya maji yenyewe. Si neno. Nilichotaka ni kulinganisha leo na jana kwa kifaa kile kile. Usiye na hamu ya kuchezea waya, kipimajoto cha bunduki kinatosha, lakini si kile tulichopimwa nacho milangoni mwaka wa 2020. Kile ni cha joto la mwili, kinaishia kwenye arobaini na kidogo. Tafuta cha viwandani, na usikielekeze kwenye chuma kinachong'aa kwa sababu kitakupa namba ya uongo. Bandika kipande cha utepe mweusi kwanza.

Kabla ya kupima, niliandika maswali kwenye karatasi. Haya ndiyo ningependa kila mwenye gari la zamani ayajue:

1. Linachemka likisimama kwenye foleni, kisha linapoa likikimbia? Shaka ya kwanza ni hewa. Likikimbia, upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Likisimama, feni iko peke yake.

2. Liko sawa kwenye foleni lakini linachemka likikimbia au likipanda mlima? Shaka ni maji: rejeta iliyoziba ndani, themostati isiyofunguka vizuri, hosi inayojikunja kwa kufyonzwa, au mkanda unaoteleza.

3. Hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini baridi, na mapovu hayaishi kwenye tangi la akiba? Hapo ndipo uanze kuwaza gasketi au silinda hedi, maana gesi ya mwako inaingia kwenye maji.

4. Hita inapuliza baridi wakati mshale uko juu? Maji yamepungua, yana hewa ndani, au hayazunguki.

5. Unaongeza maji kila wiki na huoni tone chini? Yanapotelea mahali, na ni lazima upajue kabla ya kununua chochote.

Maswali haya hayana gharama. Yanataka tu mtu anayekumbuka, na kwa kawaida mtu huyo ni dereva, ambaye hakuna anayemuuliza.

Baada ya hapo nikaenda kwa fundi wa tano, kijana mwenye banda dogo, nikamwambia sitaki spea yoyote. Nataka vipimo viwili tu na nitavilipia: shilingi 3,000. Alinitazama kana kwamba nimemwomba anipikie chai. Lakini alifanya. Cha kwanza, alifunga pampu ya mkono mahali pa kifuniko cha rejeta, injini ikiwa baridi, akaongeza presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, tukasubiri robo saa. Haikushuka. Maana yake hakuna kinachovuja. Cha pili, alitumia kile kichupa chenye maji ya buluu ambayo hubadilika rangi yakikutana na gesi ya mwako. Kwa dizeli yanakuwa ya kijani. Injini ilinguruma hadi ikapata moto, na maji yakabaki buluu. Hosi haikuwa ngumu asubuhi, mapovu hayakuwepo.

Silinda hedi ya 120,000 ikafutika kwenye orodha kwa shilingi 3,000.

Kifuniko nacho tulikipima, na hapa naomba mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa nyanda za juu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Maji kwenye sufuria hapa huchemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Limuru ni chini ya hapo tena. Kifuniko cha rejeta chenye alama ya 0.9 kinashikilia presha inayosogeza kiwango hicho hadi nyuzi 115 hivi, na dawa ya kulanti inaongeza nyuzi chache zaidi. Sasa fikiria kifuniko ambacho springi yake imechoka. Injini iko sawa kabisa kwenye nyuzi 96, lakini maji tayari yanachemka. Kifuniko hicho hicho Mombasa kingekupa nafasi kidogo. Ni kitu cha bei ya chakula cha mchana, na ni wachache wanaokipima. Na ndiyo sababu nilimpigia kelele yule kijana wa jerikeni. Ukikifungua kikiwa moto, presha inaondoka mara moja, maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Wala usimwage maji baridi kwenye injini inayochemka. Subiri, hata kama giza linaingia na mama mkwe anakutazama.

Basi, rudi kwenye logi. Siku ya kwanza ilinipa kitu ambacho sikutegemea. Asubuhi, kutoka nyumbani hadi kazini, gari lilichukua dakika 25 kufika nyuzi 70. Siku ile ile jioni, nikipanda kutoka Mai Mahiu kwa makusudi, lilifika 106 kabla sijasimama. Gari lile lile linachelewa kupata moto na pia linachemka! Nilidhani kihisi kimeharibika. Nikajaribu siku ya pili, namba zikawa zile zile.

Ukiona ushahidi unaopingana namna hiyo, kwenye programu au kwenye gari, usiutupe. Ndio huo wenye jibu. Gari linalochelewa kupata moto lina themostati iliyokwama wazi, au haina kabisa. Tulifungua kikombe cha themostati. Kilikuwa kitupu.

Nilirudi kwa fundi wa kwanza, yule wa shilingi 1,000. Hakukataa, tena alisema kwa fahari: "Si nilikutolea hiyo kitu, mkubwa? Hiyo ni ya nchi za baridi. Huku Afrika haina kazi."

Nimeisikia sentensi hii maisha yangu yote, na nadhani nawe umeisikia. Inaonekana ina akili, na ndiyo maana ni hatari. Kazi ya themostati ni kuilinda injini dhidi ya ubaridi wake yenyewe, na hali ya hewa ya nje haibadilishi hilo. Inafunga hadi maji yafike joto la kazi, mara nyingi nyuzi 80 na kitu, na namba hiyo imepigwa muhuri juu yake. Bila hiyo dizeli haiungui vizuri, oili inabaki nzito, silinda zinalika mapema. Lakini kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Katika injini kama yangu, themostati ina kisahani upande wa chini. Inapofunguka kuelekea rejeta, kisahani hicho kinaziba njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yanapitia kurudi moja kwa moja kwenye injini. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi milele. Sehemu ya maji moto inazunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta hata mara moja. Kwenye tambarare huoni kitu. Kwenye mlima, na watu watano na mizigo, unaona.

Kwa hiyo dawa ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Na zile 17,500 za rejeta na pampu nilizilipa kutibu ugonjwa wa dawa.

Tuliweka themostati ya aina ile ile, yenye kisahani, shilingi 2,800, na kulanti mpya badala ya maji ya kisima ambayo chumvi yake huacha magamba ndani ya mabomba. Hatukugusa kitu kingine, ingawa fundi alitaka tumalize yote siku hiyo. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, hujui kipi kilisaidia. Nikapanda tena kutoka Mai Mahiu: 95. Asubuhi gari lilifika nyuzi 70 kwa dakika nane. Lakini kwenye foleni lilipanda taratibu hadi 101, kisha magari yakisogea, likashuka. Soma tena swali la kwanza kwenye orodha. Hii ndiyo hitilafu ya awali, ile iliyonipeleka kwa fundi wa kwanza, na ilikuwa bado ipo ikinisubiri.

Feni ya gari langu haina umeme. Inashikwa na klachi yenye mafuta ya silikoni ndani, ambayo yakipata joto huikaza feni izunguke na injini. Nilizima injini ikiwa moto, nikaisukuma feni kwa mkono. Ilizunguka kama pangaboi la mtoto. Inatakiwa ikatae. Kwenye ekseli yake kulikuwa na mstari wa mafuta yenye vumbi: silikoni ilikuwa imevuja kidogo kidogo kwa miaka. Klachi ya pili, iliyotumika, kutoka Kirinyaga Road, shilingi 7,500. Sasa foleni ya Waiyaki Way ni 91.

Sasa maoni yangu, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Ni rahisi kusema mafundi wetu hawajui kazi. Siamini hivyo. Kijana wa banda alijua vipimo vyote viwili, na vifaa alikuwa navyo, vimejaa vumbi. Nilimuuliza kwa nini havitumii. Akaniambia mteja akisikia "nipe 3,000 nipime", anawasha gari na kwenda kwa jirani atakayembadilishia pampu. Spea mteja anaiona, anaishika, anapewa ile ya zamani kwenye gazeti. Kupima hakuachi kitu mkononi.

Tunalipa spea, hatulipi kufikiri. Kwa hiyo tunapewa spea. Mimi ambaye natoza watu kwa saa ninazokaa nikitafuta hitilafu moja kwenye programu, nililipa 18,500 bila kuuliza chochote, halafu nikasitasita mbele ya 3,000 za uchunguzi. Aibu ni yangu kabla ya kuwa ya fundi.

Kuna atakayesema hayo ni maneno ya mtu mwenye Arduino na muda wa kupoteza, na kwamba dereva wa matatu akichemkiwa saa kumi na mbili asubuhi anataka gari litembee, hataki logi. Nakubali, haraka ni haraka. Lakini huyo ndiye mwenye hasara kubwa zaidi pampu isiyo na kosa ikibadilishwa, maana kesho atachemkiwa tena na abiria wakiwa ndani. Uchunguzi si anasa ya matajiri. Kubahatisha ndiko kwenye gharama.

Ninachoomba ni vitu vitatu. Mwambie fundi linachemka lini, usimwambie tu kwamba linachemka. Muulize amepima nini kabla ya kumpa pesa ya spea, na umlipe kwa kupima hata kama kipimo kimeonyesha hakuna kosa. Na uwe na daftari ndani ya gari, uandike kila kilichoguswa na kila kilichotolewa. Ningekuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "themostati imetolewa", tusingelala njaa ukunguni.

Mama mkwe alisafiri nasi tena mwezi uliopita, njia ile ile. Tulipofika juu Limuru akauliza, "Na leo inasema ngapi?" Nikamwambia 94. Akatikisa kichwa, akaendelea na usingizi wake.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye programu. Hadi hapo, pimeni kwanza.